Jibu: Kwa nini ramani za zamani za Tanganyika zilichorwa Uingereza?

Ndugu, umeuliza kwa nini karatasi yako ya ramani ya 1:50,000 (sentimita moja ni nusu kilomita ardhini) ilichorwa Uingereza ilhali ardhi yenyewe iko huku. Mwaka 1946 Waingereza waliunda idara moja ya upimaji kwa makoloni yao, chini ya Martin Hotine, makao yake karibu na London. Kabla ya hapo kila koloni lilijipimia lenyewe, kwa wapimaji wachache mno.

Ndege za jeshi lao la anga zilipiga picha ambazo kila moja ilirudia takriban asilimia 60 ya eneo la iliyotangulia, ili mchoraji akitazama mbili pamoja kwenye stereoskopu, chombo cha lenzi mbili cha kutazamia picha, aone vilima vikiinuka. Lakini picha peke yake haikuonyeshi uko wapi duniani. Ndiyo maana wapimaji walipanda milima na theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, wakapima pembe hata usiku kwa kulenga taa iliyowashwa kwenye kilele cha mbali. Wasaidizi wa Kiafrika ndio waliobeba vyombo na kufyeka njia, na inaniuma kwamba ramani hazikuwataja.

Tazama ukingo wa karatasi: D.C.S. (Directorate of Colonial Surveys, jina la kwanza la idara hiyo) kwa kawaida ni ya kabla ya 1957, D.O.S. (Directorate of Overseas Surveys) ni baada ya idara kubadilishwa jina.