Kalibu mpya ya machubwi: hiyo ndoo ya maji iondoe kwanza

Mkuu, itoe hiyo ndoo karibu na jiko leo hii. Umeuliza kwa nini kalibu yako mpya ya alumini, hilo umbo la kumiminia risasi, inatoa machubwi (vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi wa kuvulia) yenye makunyanzi, mengine nusu, mengine yanang'ang'ania ndani. Umeuliza pia uzito wa kufaa mkondo mkali na bei ya kuuzia; hayo yatasubiri. Halafu katikati, kama jambo dogo, umesema aliyekuuzia amekuelekeza uichovye kalibu majini kila baada ya kumimina ili kazi iende haraka. Huyo amekuuzia ajali. Na hayuko peke yake, maana mitandaoni wamejaa mafundi wa dakika tatu wanaochovya kalibu mbele ya kamera, kandambili mguuni, macho wazi, na watu wanaiga.

Sikiliza. Risasi, ile metali, huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na ya kumimina huwa imefika 370 hadi 400. Tone la maji likiangukia juu yake hurukaruka na kuchachatika, basi. Balaa ni tone lililofunikwa na risasi: linageuka mvuke papo hapo, mvuke unataka nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji, na njia ya kutokea ni hiyohiyo risasi, kuelekea usoni kwako. Unyevu usiojaza kijiko unatosha kuirusha risasi yote iliyomo sufuriani. Kalibu iliyochovywa utaiona kavu kwa nje, kumbe maji yamejificha kwenye bawaba, kwenye mifereji ya hewa na chini ya kile kibati cha juu cha kukatia risasi iliyozidi.

Na unyevu hauji na ndoo tu. Machubwi ya zamani ya kuokota ufukweni yana mchanga na maji ya chumvi ndani ya tundu la kamba. Bomba la risasi lililobanwa ncha zote mbili linaweza kuwa na maji ndani. Upawa uliolala nje una umande. Kwa hiyo vipande vipange sufuriani jiko likiwa bado baridi, vipate moto pamoja tangu mwanzo. Cha kuongeza kikae ukingoni mwa jiko mpaka kisishikike kwa mkono, ndipo kiingie taratibu kwa koleo, kamwe usikitupe. Hata upawa upashe moto kabla ya kuuzamisha. Usifanye kazi hii uwanjani wingu likiwa juu, wala kwenye sakafu tupu ya saruji, kwa sababu risasi ikimwagikia saruji yenye unyevu, nayo hupasuka na kuruka. Tandika mchanga mkavu kabisa. Vaa miwani, glavu za ngozi, viatu vya kufunika, na suruali ishuke nje ya kiatu.

Sasa hayo makunyanzi. Kalibu yako ni baridi, na kila ukiichovya unairudisha kwenye ubaridi, yaani dawa uliyopewa ndiyo ugonjwa. Sababu ya pili ni mafuta ya kiwandani. Isugue kwa sabuni ya vyombo, maji ya moto na mswaki, kisha ifungue na uiache kando ya jiko nusu saa nzima, bawaba ikielekea kwenye joto. Usiiweke ndani ya ndimi za moto, itapinda. Machubwi ya mwanzo yatatoka mabaya hata hivyo, yarudishe sufuriani uendelee kumimina bila kupumzika. Kingo zikijaa na uso ukang'aa, joto limefika. Uso ukififia na kuwa mweupemweupe, limezidi: iache kalibu wazi hewani kidogo. Kupoza ni huko tu.

Yanayong'ang'ania, fukizia matundu ya kalibu yanayoumba chubwi masizi ya mshumaa na ugonge bawaba kwa kijiti cha mbao. Bisibisi itachubua alumini, na chubwi litanasia hapo kila siku.

Betri za gari ulizosema utavunja, usivunje. Ndani mna asidi, na madini yaliyochanganywa na risasi hiyo yanaweza kutoa gesi ya sumu kali. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto wakiwemo, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Tafuta risasi za kubalansi magurudumu kwa mafundi wa tairi. Usipitishe nyuzi 400: zile za zinki zilizochanganyika humo hazitayeyuka, zitaelea, uzitoe. Ule uchafu wa juu ni vumbi la sumu, uweke kwenye kopo lenye kifuniko. Sufuria hiyo isirudi jikoni tena, watoto wasisogee, na unawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au sigara.

Ukishaipasha kalibu moto vizuri na bado inatoa makunyanzi, weka picha ya machubwi na ya kalibu ikiwa wazi, tuone mifereji ya hewa.