Hesabu ya shehena ya mafuta: makosa mengi huanzia sitahani

Ofisa kijana akiniletea karatasi ya hesabu ya tangi niikague, kitu cha kwanza ninachomuuliza ni saa ngapi alisoma drafti, yaani kina ambacho meli imezama majini. Wengi hushangaa, maana wamejiandaa kutetea desimali. Hesabu yenyewe kompyuta ya shehena huimaliza kufumba na kufumbua, na mara chache hukosea. Kinachokosewa ni kile tulichoilisha: aleji, joto, densiti (uzito wa mafuta kwa kila kipimo cha ujazo) na mkao wa meli.

Aleji ni ile nafasi tupu kutoka mdomo wa kupimia hadi uso wa mafuta. Kabla ya kuteremsha utepe, jua jedwali la tangi lilitengenezwa likihesabu kutoka wapi. Je, ni kwenye ukingo wa vali ya mvuke ambako utepe unafungwa, au kwenye sitaha chini yake? Jibu limeandikwa kwenye kurasa za mwanzo za kitabu cha majedwali, kurasa ambazo watu huziruka. Tangi lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15 hubeba mita za ujazo 3 katika kila sentimita moja ya kina. Zidisha kwa matangi 12 uone. Kwa hiyo usiridhike na kipimo kimoja. Chukua vitatu, na vikipishana kwa zaidi ya milimita 3, rudia.

Nikumbushe usalama kwa ufupi: simama pembeni ya mdomo wa kupimia, upepo ukikatiza kati yako na mdomo huo, utepe uunganishwe na chuma cha meli kabla haujaingia tangini, na kama tangi halina gesi ajizi (gesi ya kuzuia moto) na mafuta ni ya aina inayohifadhi umeme tuli, subiri dakika 30 baada ya kupakia. Mkaguzi mwenye haraka asikuharakishe hapa.

Sasa mkao wa meli. Meli ikikaa chini tezini, yaani upande wa nyuma, mafuta husogea huko. Kama mdomo wa kupimia uko nyuma ya katikati ya tangi, utasoma aleji ndogo kuliko ya kweli, na sahihisho litakuwa la kuongeza. Kama jedwali lako ni la kina badala ya aleji, alama ya jumlisha au toa inageuka. Elewa sababu, usikariri alama tu. Meli kulala ubavu nako kuna jedwali lake. Na ndiyo maana nauliza saa ya drafti: ukiisoma kabla maji ya kusawazisha meli hayajahamishwa, kisha ukapima matangi baada ya kuhamishwa, unasahihisha meli ambayo haipo tena. Mimi husoma drafti mbele na nyuma kabla ya kupima, halafu tena baada ya kumaliza.

Joto ndilo linalodharauliwa kupita yote. Tuchukue dizeli mita za ujazo 5,000 kwa nyuzi 35 za Selsiasi, densiti yake kwa nyuzi 15 ikiwa 0.8450. Jedwali la 54B, la kusahihisha ujazo kwa joto, linatoa kigezo cha 0.9832, na ujazo sanifu, yaani ule wa nyuzi 15, unakuwa 4,916. Kipimajoto kikikuongopea kwa nyuzi moja tu, ujazo huo unasogea kwa takriban mita za ujazo 4, yaani kama tani 3 na nusu, katika kiasi hicho kidogo. Pima joto juu, katikati na chini ya mafuta, ukiacha kihisio kitulie kila mahali, kisha tafuta wastani wa tangi hilo. Usitafute wastani wa joto la meli nzima na kuutumia kwa jumla ya ujazo, hasa kwa mafuta mazito yaliyopashwa moto, ambako tangi la pembeni na la katikati huwa hayafanani hata kidogo.

Na jedwali lenyewe liwe sahihi. 54A ni la mafuta ghafi, 54B ni la yaliyosafishwa. Ukikosea kuchagua katika mfano wetu, zaidi ya mita za ujazo 2 zinayeyuka bila mtu kuziiba. Shehena ikiuzwa kwa mapipa, joto sanifu huwa nyuzi 60 za Farenhaiti, ambazo si sawasawa na nyuzi 15 za Selsiasi, na majedwali hubadilika.

Kutoka ujazo kwenda tani kuna mtego mwingine. Ujazo 4,916 ukizidishwa kwa 0.8450 unapata tani 4,154.0, lakini hizo ni tani za ombwe, yaani uzito kana kwamba hakuna hewa inayoyaelea mafuta. Tani za hewani, ambazo ndizo huandikwa mara nyingi kwenye hati ya shehena, hupatikana kwa kupunguza densiti 0.0011 kwanza: 4,916 kwa 0.8439, tani 4,148.6. Nimeona mabishano marefu gatini ambayo chanzo chake kilikuwa hiki tu: ghala linazungumza hewani, meli inazungumza ombweni.

Kabla ya yote hayo, maji yaliyojitenga chini ya mafuta yatolewe kwenye ujazo, na mabaki yaliyokuwemo kabla ya kupakia yaondolewe kwenye jumla. Mabaki madogo yasiyofika kuta zote za tangi hayasomwi kwa jedwali la kawaida. Hutumiwa fomula ya kabari, inayoyachukulia mabaki hayo kuwa na umbo la kabari.

Halafu linganisha na nchi kavu, kwa kutumia kigezo cha uzoefu wa meli. Ni uwiano wa kipimo cha meli kwa kile cha ghala katika safari zilizopita, angalau 5 zinazokubalika, na safari iliyotofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 0.3 hutupwa nje. Tuseme meli imepima 30,000, ghala linasema 29,950. Utadhani umepewa ziada ya 50. Gawanya kwa kigezo cha 1.0020: unapata 29,940. Kumbe umepungukiwa na 10. Ushauri wangu ni kufanya hesabu yako yote na kuiandika kwa wino kabla hujaona takwimu ya ghala. Ukiiona kwanza, jicho lako litaanza kuitafuta kwenye utepe.

Tofauti ikizidi kiwango kilichowekwa kwenye maagizo ya safari, rudini sitahani na mkaguzi mpime tena pamoja, kabla mabomba ya kupakilia hayajaondolewa. Ikibaki vilevile, nahodha anaandika barua ya pingamizi yenye takwimu za pande zote mbili, na mwakilishi wa ghala anasaini kwamba ameipokea, hata kama hakubaliani nayo. Akikataa kusaini, andika hivyo hivyo juu ya barua, pamoja na saa.