Maswali ya Bustani: Shina la Pilipili Likibadilika Rangi

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kiamunyi, Nakuru. Nimepanda pilipili hoho kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Zimefika magotini na zimeanza kutoa maua, lakini kila mahali tawi linapochipukia pamezuka alama nyeusi inayokaribia zambarau, na kwenye mimea mingine alama hiyo imelizunguka shina lote. Majani hayana kasoro. Mwenye agroveti ameniuzia dawa ya ukungu, naye jirani ananihimiza niing'oe mimea yote kabla ugonjwa haujavuka ua na kuingia kwenye nyanya zake. Je, niing'oe? (Mama wa Kiamunyi)

JIBU: Mama, usiing'oe, na dawa hiyo usiinyunyize. Kwa maelezo uliyotupa, pilipili zako ni nzima. Aina nyingi za pilipili, hoho na kali, huweka rangi ya zambarau kwenye vifundo vya shina, yaani pale majani na matawi yanapotokea. Rangi hiyo inaitwa anthosianini, na ndiyo inayoyapa mabiringanya weusi wake. Mmea huirithi kutoka kwa mbegu, kisha jua kali na baridi ya usiku huizidisha. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako jua la mchana huchoma na usiku wa Juni na Julai hulazimu mtu kujifunika blanketi mbili. Kwa hiyo si ajabu hoho zako zikawa na vifundo vyeusi kuliko zile zilizopandwa Kisumu kutoka pakiti ileile.

Hata hivyo, hakikisha mwenyewe. Pitisha kidole juu ya alama: ikiwa ngozi ya shina haina mikwaruzo na ni ngumu kama sehemu nyingine, bila shimo, bila unyevu na bila kubonyea, huo ni mwanzo mzuri. Kisha kwaruza kidogo kwa ukucha. Chini ya ngozi yenye rangi ya asili utaona kijani kibichi chenye maji, ilhali chini ya ngozi iliyooza utaona kahawia, na mara nyingi shina litabonyea chini ya kidole. Tazama pia mpangilio wa alama, kwa kuwa rangi ya asili hurudia kifundo baada ya kifundo kwa utaratibu, lakini ugonjwa hauna adabu hiyo. Huanza upande mmoja, ukapanda au kushuka, ukaruka baadhi ya vifundo na kuingia katikati ya pingili.

Kama zambarau hiyo itaonekana pia chini ya majani, na mmea ukadumaa, basi fikiria upungufu wa fosforasi. Udongo ukiwa baridi, mizizi huifyonza fosforasi kwa shida hata kama imo ndani ya ndoo. Ongeza mboji iliyooza vizuri, usiache maji yatuame kwenye ndoo, na usubiri joto lirudi.

Jirani yako naye tusimcheke. Uko ugonjwa wa virusi unaoshambulia nyanya na pilipili kwa pamoja na kuacha michirizi myeusi kwenye shina, lakini huo haufichiki: majani machanga hugeuka rangi ya shaba, duara ndani ya duara hujitokeza kwenye matunda, na ncha ya mmea huweza kufa. Husambazwa na thiripi, wadudu wadogo wembamba wanaojificha ndani ya maua. Ukiziona dalili hizo, hapo jirani atakuwa na haki, na mmea husika utapaswa kung'olewa siku hiyohiyo.

SWALI: Mhariri, mimi ni mkazi wa Nyamasaria, Kisumu. Baada ya mvua kubwa kutuama shambani, pilipili zangu zilinyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani. Nilizimwagilia maji zaidi nikidhani ni kiu, zikazidi kulala. Nilipofukua udongo kidogo niliona shina limegeuka kahawia nyeusi pale linapokutana na ardhi. Nyingine zimesimama bado. Nipige dawa gani? (Mkulima wa Nyamasaria)

JIBU: Ndugu mkulima, kabla ya kuuliza dawa, uliza kwanza nani amekuingilia, kwa sababu maadui wanaoweza kuilaza pilipili namna hiyo ni zaidi ya mmoja na dawa ya huyu haimgusi yule. Chukua mmea ulionyauka karibuni, wala si ule uliokwisha kukauka, na ufanye uchunguzi ufuatao.

Ng'oa mmea pamoja na mizizi yake, uoshe, kisha pasua shina kwa urefu kuanzia chini. Kata pia kipande cha shina chenye urefu wa sentimita tano au zaidi, kutoka juu kidogo ya usawa wa udongo. Jaza maji safi kwenye glasi inayopitisha mwanga, kishike kipande hicho wima ili mwisho wake wa chini uzame kidogo tu, na usikitikise. Weka kitu cheusi nyuma ya glasi. Nyuzi nyembamba nyeupe mithili ya maziwa zikianza kuteremka kutoka kwenye shina ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria, unaoletwa na Ralstonia. Bakteria hao hujaa ndani ya mishipa inayopandisha maji, na ndiyo maana mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye matope, nawe ukiongeza maji husaidii kitu. Ukilipasua shina utaikuta mishipa hiyo imekuwa kahawia, ijapokuwa ngozi ya nje inaweza kuonekana nzima.

Maji yakibaki safi, na doa jeusi likawa limelizunguka shina kwa nje kama lililoloweshwa, huku mizizi ikiwa kahawia na kuchubuka kwa urahisi, basi mshukiwa mkuu ni Phytophthora capsici. Leon Leonian alimweleza kiumbe huyu kwa mara ya kwanza mwaka 1922, kwenye pilipili za jimbo la New Mexico, Marekani. Ingawa wengi humwita ukungu, yeye ni wa jamii nyingine, na mbegu zake zina mikia ya kuogelea; maji yakituama hata kwa saa chache huzisafirisha kutoka shina hadi shina. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulioenea kwenu, ambao hunyonya maji polepole na kuyashikilia, humfaa sana. Kwa jinsi ulivyoeleza mvua na doa la shina, sisi tunamshuku huyu zaidi, lakini glasi ndiyo itakayoamua.

Yupo na wa tatu, ambaye hujitambulisha mwenyewe: nyuzi nyeupe kama pamba chini ya shina, na juu yake vipunje vya kahawia vya mviringo vinavyolingana na wimbi. Huyo ni ukungu wa Sclerotium. Ondoa mmea pamoja na udongo unaouzunguka kabla vipunje hivyo havijatawanyika, maana kila kimoja kinaweza kuota tena.

Iwapo ni bakteria, usinunue dawa yoyote ya kuponya, kwani haipo, hata akikuapia muuzaji. Ng'oa mimea iliyonyauka na uichome, na usiitupe kwenye mboji. Jembe na kisu visafishe kwa maji yenye Jik, kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo tisa vya maji. Kipande hicho cha shamba usikipande pilipili, nyanya, biringanya wala viazi kwa misimu kadhaa. Panda mahindi, vitunguu au sukuma wiki. Wengi husahau managu, yaani osuga. Mboga hiyo ni ndugu ya pilipili, na ikiota yenyewe pembeni mwa shamba huweza kuwalea bakteria haohao wakati wewe unaamini umepumzisha udongo.

Iwapo ni Phytophthora, dawa zenye metalaksili zinaweza kuikinga mimea ambayo haijaguswa zikimwagwa kwenye shina kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, na siku za kusubiri kabla ya kuchuma zikaheshimiwa. Mmea ambao shina lake limekwisha kuzungukwa na doa haurudi. Kwa maoni yetu, jembe litakusaidia kuliko bomba la dawa: inua matuta ya sentimita 20 hadi 30, chimba mtaro wa kuyatoa maji, tandaza nyasi kavu ili matone ya mvua yasirushe matope kwenye shina, na unapomwagilia elekeza maji kwenye udongo bila kuyaacha yatuame. Katika kubadilisha mazao, kumbuka kwamba kiumbe huyu hushambulia maboga na matango pia, kwa hiyo kupanda maboga mahali pilipili zilipofia ni kumwandalia chakula.

Ukibaki na shaka, peleka mmea mzima, mizizi na udongo kidogo ndani ya mfuko, kwa afisa wa kilimo wa wadi yako au kwenye kliniki ya mimea kama ipo karibu. Picha ya jani kwenye simu haitamsaidia sana kwa tatizo lililo mizizini.

SWALI: Pilipili kali yangu hapa Mbale, Vihiga, ina zaidi ya mwaka. Sehemu ya chini ya shina imekuwa kahawia isiyokoza, ngumu, yenye nyufa kama gome la mti. Bado inazaa. Ni ugonjwa? (Msomaji wa Mbale)

JIBU: Hapana. Pilipili mahali pasipo na baridi kali huishi miaka kadhaa, na shina lake la chini hugeuka mti ili libebe uzito wa matawi. Nyufa zikiwa kavu na zisizo na kina, ziache. Matawi yaliyochoka yapunguze mvua zinapokaribia, uupe mmea samadi iliyooza, na uufunge kwenye kijiti iwapo umeanza kuinama kwa wingi wa matunda.