Usinunue gari kwa kusoma lita za buti, mkuu

Mkuu, simama hapo hapo, usilipe. Umeandika unachagua kati ya Volkswagen Polo na Toyota Yaris, buti la Polo lita 351, la Yaris lita 286, eti "hesabu imeisha", kigari cha kumsukumia mtoto kitaingia. Haijaisha. Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyoniumiza mimi.

Unajua hizo lita zinapimwaje? Kwa kipimo cha VDA, chama cha watengenezaji magari wa Ujerumani, wanapanga vitofali vya lita moja moja, milimita 200 kwa 100 kwa 50, mpaka kisiingie kingine. Kitofali kinajipenyeza kwenye kona, pembeni ya tairi, hata kwenye shimo la chini ya sakafu kama kampuni imeamua kulihesabu. Kigari cha mtoto hakijipenyezi popote.

Langu (silitaji, nisije nikaonekana nina kinyongo, ingawa ninacho) kwenye karatasi liliyashinda yote niliyokuwa nayatolea macho. Muuzaji akafungua buti, nikaona ukumbi wa harusi. Sikuona kwamba kiti kimoja cha nyuma amekilaza. Nikauliza spea iko wapi. Akasema magari ya siku hizi hayahitaji spea, kuna kopo la gundi na pampu. Nami nikatikisa kichwa kama fundi.

Pancha ya kwanza, tairi limechanika ubavuni. Gundi haizibi hapo. Nikanunua spea kamili, nayo kwenye shimo haikuenea, maana shimo lenyewe lina kina cha sinia. Ikabidi ilale juu ya sakafu, na buti likabaki nusu. Tangu siku hiyo kila safari nachomoa magurudumu ya kigari, mtoto analia, mke wangu ananitazama tu. Ule ukimya ungepimwa kwa vitofali ungejaza lori! Mwaka haujaisha nikaliuza kwa hasara. Na yule mwongo akanipigia simu kuuliza kama niliridhika na huduma.

Kwa hiyo nenda na kigari chenyewe. Viti vya nyuma visimame, kibao cha kufunikia buti kiwe mahali pake, spea iwe ndani, halafu shusha mlango. Ukigoma kufunga, aga uondoke. Beba na futi, pima upana wa mdomo wa buti na nafasi iliyobaki kati ya matao ya magurudumu, maana kigari hukwama hapo hata lita zikiwa nyingi. Muuzaji akinuna, anune.

Na akikwambia "ni lile lile, ila hili linachajiwa umeme", anza kupima upya. Golf ya kizazi cha 7 ina lita 380. GTE, ambayo ni Golf hiyo hiyo yenye betri ya kuchaji, ina 272.

Ulaji wa mafuta na mambo ya gia uliyouliza watakujibu wengine, mimi kipindi hicho nilikuwa napambana na magurudumu. Tuambie kwanza, hicho kigari chenu kikikunjwa kina urefu gani?