Jibu: Pilot Custom 74 au Platinum 3776, na nibu F au M?

Ndugu, umeuliza uchukue ipi kati ya kalamu hizi mbili za wino za Kijapani, na nibu (ncha ya kuandikia) ipi, F (nyembamba) au M (ya wastani), kwa kuandikia daftari la kawaida kila siku. Zote zina nibu ya dhahabu ya karati 14, kwa hiyo hapo hakuna cha kushindanisha. Mimi nachagua Platinum 3776 Century (namba hiyo ni urefu wa Mlima Fuji kwa mita). Ndani ya kifuniko chake mna kikombe kinachosukumwa na springi, kinaikumbatia nibu hewa isipite. Ukiiacha wiki kadhaa mezani, ukiifungua inaandika papo hapo.

Chukua F. F ya Kijapani kwa kawaida ni nyembamba kuliko F ya Ulaya, na daftari zetu zinanyonya wino sana. M yangu ilikuwa ikitokeza hadi upande wa pili wa karatasi.

Halafu tafadhali usikandamize! Ukibonyeza kama unavyobonyeza biki, meno mawili ya nibu yanaachana na huenda yasirudi. Ilaze kidogo, iteleze kwa uzito wake yenyewe. Wino mzito wa wachoraji usiutie kabisa, hugandia ndani. Ukibadili rangi, ioshe kwa maji baridi mpaka yatoke meupe.