Suzuki ya kabureta inazima Thika Road: usinunue kabureta bado

SWALI: Fundi, nina Suzuki GSX600F ya mwaka 1996. Niliinunua Mombasa ikiwa imekaa bila kuendeshwa karibu mwaka mzima. Huku Kahawa Wendani asubuhi stata inazungusha injini lakini haishiki. Vijana wa stegi wakinisukuma inawaka papo hapo. Ikiwaka inataka choki muda wote, nikiirudisha inazima. Halafu nikielekea tauni, nikikaribia Muthaiga inakosa nguvu kama imeishiwa petroli, inazima. Nikingoja dakika kumi inawaka tena. Makanika amefungua kabureta mara mbili, ameweka jeti (vile vipande vyenye tundu la kupimia petroli) kubwa zaidi, na sasa anataka ninunue kabureta nyingine za mtumba. Plagi ni nyeusi tititi. Nimsikilize?

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Nikisoma maelezo yako naona matatizo matatu tofauti, na la nne limeongezwa juzi kwa hizo jeti. Kabureta nyingine ya mtumba, ambayo nayo imekaa kwenye rafu miaka mingapi sijui, haitatibu hata mawili kati ya hayo.

Tuanze na asubuhi, kwa sababu hapo umenipa dalili nzuri kuliko unavyodhani. Ukisukumwa inawaka papo hapo. Kama petroli isingekuwa inafika, au kama cheche zisingekuwepo, ungesukumwa mpaka Githurai bila kushika. Tofauti kati ya kusukumwa na kutumia stata ni moja tu: stata inakula umeme mwingi sana wa betri, na kinachobaki ndicho kinachokwenda kwenye boksi la kuwasha na koili. Betri iliyochoka inaweza kuzungusha injini vizuri tu, ukaisikia ikilia kwa nguvu, na bado cheche zikawa hafifu. Kesho asubuhi bonyeza kitufe cha stata sekunde tatu nne, kisha kiachilie huku ukisikiliza kwa makini. Ikijaribu kushika pale pale unapoachilia kidole, mshike betri kwanza kabla ya kumshuku mwingine yeyote.

Kisha pima kwa mita. Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, betri nzima ya volti 12 huonyesha karibu 12.6. Weka ncha za mita kwenye vichwa vya betri, mtu mwingine abonyeze stata. Ikishuka chini ya 10, betri imekwisha au haina chaji. Ikibaki juu na bado pikipiki haishiki, shuku kutu kwenye vichwa vyake na waya wa athi, ule unaounganisha betri na fremu. Pikipiki iliyotoka pwani usiiamini kwenye athi. Fungua nati, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza tena. Ukibadilisha betri, usiishie hapo. Injini ikiwaka, ipandishe mpaka mizunguko 5,000 hivi kwa dakika na usome tena mita: unataka kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya hapo betri mpya itakufa kama ya zamani, maana chaji haifiki, na huenda regulata, kifaa kinachodhibiti chaji, ndiyo tatizo. Na kama utaazima umeme wa gari ili kujaribu, gari hilo lizimwe kwanza.

Choki sasa. Hapa mafundi wengi wazuri wanakosea kwa sababu walijifunza kwenye magari ya zamani, ambako choki ni kibati kinachofunga njia ya hewa. Kwenye hii Suzuki hakuna kibati. Kuna njia ndogo ya pembeni inayoongeza petroli, na inafanya kazi tu pale mvuto wa injini ni mkali, yaani eksileta ikiwa imefungwa. Ukivuta choki halafu ukapiga resi kidogo ili kuisaidia, mvuto unapotea na ile petroli ya ziada haiji. Kwa hiyo asubuhi vuta choki yote, mkono mbali na eksileta kabisa, bonyeza stata. Nimeona pikipiki zikiponea hapo.

Kuhitaji choki muda wote ni jambo lingine. Jeti ndogo, ile ya sailensa, yaani inayolisha injini eksileta ikiwa imefungwa, ina tundu jembamba kiasi kwamba ukiishika juu ya mwanga huoni duara, unaona nukta. Petroli ikikauka ndani ya bakuli la kabureta kwa mwaka mzima inaacha utomvu wa kahawia, na nukta hiyo ndiyo ya kwanza kuziba. Ukivuta choki unaizunguka jeti iliyoziba. Ukirudisha, injini haina cha kunywa. Makanika wako alifungua mara mbili, lakini muulize: jeti ndogo zote nne zilitoka, moja moja, zikatazamwa dhidi ya jua? Au alipuliza tu kwa nje? Dawa yake ni kulowesha kwenye kisafishio cha kabureta na kupuliza kwa kompresa, huku viwambo vya mpira vimeshaondolewa ili upepo usivipasue. Asichokonoe kwa waya wa chuma. Akipanua tundu hata kidogo, jeti hiyo si jeti tena.

Na zile jeti kubwa alizoweka azitoe. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Hewa ikipungua na petroli ikabaki vilevile, mchanganyiko unakuwa mzito, na plagi zinapaka masizi kama zako. Yaani pikipiki iliyopanda kutoka pwani, kama ni kubadilishiwa jeti, inapunguziwa. Yeye ameongeza. Kila jeti ina namba iliyochongwa kichwani. Namba ikiwa kubwa tundu ni kubwa. Mwambie akurudishie za zamani, kisha uweke plagi mpya, maana zile zilizolowa masizi hazitakupa usomaji wa kweli.

Sasa Muthaiga, ambapo kwa kweli ndipo moyo wangu unaponiuma, kwa sababu kuzima katikati ya Thika Road ukiwa mbele ya matatu si jambo la kuvumilia hadi mwisho wa mwezi. Injini inayozima baada ya mwendo na kuwaka ukingoja kidogo mara nyingi inakosa petroli: bakuli zinaisha haraka kuliko zinavyojazwa, ukisimama zinajaa tena. Kwenye tangi lako petroli inashuka kwa uzito wake, kwa hiyo lazima hewa iingie juu ili petroli itoke chini. Njia ya hewa iko kwenye kifuniko cha tangi, kijitundu ambacho vumbi na nta ya kung'arisha rangi hukiziba kwa urahisi. Ikikuzimia tena, sogea pembeni kabisa ya barabara, fungua kifuniko na usikilize. Ukisikia tangi likivuta pumzi, fsss, na pikipiki ikawaka mara moja, umempata mwizi. Kuna mteja aliwahi kuniletea yake baada ya kubadilisha pampu, koili na filta kwingineko. Tundu lake lilifunguka kwa pini ya nguo.

Kama halikuvuta pumzi, geuza koki ya mafuta. Suzuki hizi hazina OFF. Zina ON, RES na PRI. Kwenye ON na RES, petroli hupita pale tu mvuto wa injini unapokuja kwa kile kipaipu chembamba na kuinua kiwambo ndani ya koki. PRI hupitisha bila kungoja mvuto. Ikienda vizuri kwenye PRI lakini ikafa kwenye ON, kipaipu kimepasuka au kiwambo kimekwisha. Ikifa hata kwenye PRI, tazama chujio lililo ndani ya tangi, kutu, na kama makanika aliongeza kile kifilta cha plastiki cha boda kati ya koki na kabureta, kitoe, kwani kinabana mtiririko.

Lakini usiiache kwenye PRI ukiegesha. Sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, ikivuja kidogo tu, petroli inashuka usiku kucha ndani ya silinda na kwenye oili. Kabla ya kuiwasha tena kwa namna yoyote, nusa oili na uangalie kiwango chake. Ikinuka petroli au imepanda, imwage na uweke mpya. Stata ikigota ghafla, tk, usilazimishe na usisukumwe: silinda inaweza kuwa imejaa petroli, na petroli haigandamiziki, kitakachopinda ni konrodi, mkono unaoshika pistoni. Toa plagi, sogeza waya zake mbali, uzungushe injini nje uwanjani, pasipo na sigara wala jiko karibu.

Anza na kifuniko cha tangi na mita ya betri, vyote viwili ni kazi ya nusu saa. Kabureta zifunguliwe baada ya hapo, mara moja, kwa ajili ya kusafisha jeti ndogo na kurudisha jeti za zamani badala ya zile kubwa. Ukiniandikia tena, niambie volti ulizosoma stata ikizunguka na namba iliyo kwenye jeti alizokuwekea.