Maswali na Majibu: Kutoka Flanka wa Raga Hadi Lainibeka wa NFL

SWALI: Habari yako, Kocha. Nina miaka 22, nacheza flanka namba 7 katika klabu ya raga hapa Nairobi. Nina kilo 102 na kukaba ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Daniel Adongo alitoka kwenye raga akawa lainibeka wa NFL bila kuwahi kucheza mpira ule wa Marekani. Mtu kama mimi anahitaji nini hasa? Na nikifika, kazi yenyewe hudumu muda gani na hulipaje?

JIBU: Nzuri sana, kaka. Kukaba kwako kutakufaa, lakini kwa lainibeka, mlinzi wa safu ya pili, kukaba ni hatua ya mwisho ya kazi. Kazi huanza kwa kusoma, na kusoma huku ndiko kunakomchelewesha mtu wa raga, hata akiwa na mwili ulio tayari kabisa.

Lainibeka husimama kama yadi nne au tano nyuma ya wenzake wa mstari wa mbele. Kila mchezo ukianza, yaani kila jaribio moja la wapinzani kusogeza mpira, hutazami mpira. Unamtazama gadi, yule jitu anayesimama ubavuni mwa mtoa mpira. Akiinua kifua na kurudi nyuma, wanataka kurusha pasi, basi nawe rudi ulinde eneo lako. Akijitupa mbele akiwa chini chini, mtu atakimbia na mpira mkononi. Akichomoka mahali pake na kukimbia kwa kando nyuma ya wenzake, mfuate, maana aendako ndiko mpira unakoelekea. Yote hayo unayaamua ndani ya hatua moja fupi ya mguu.

Wapinzani nao wanajua kwamba unasoma. Kwotabeki, yule anayepokea mpira kwanza na kurusha pasi, ananyoosha mkono kana kwamba anamkabidhi mwenzake mpira, gadi anainama kana kwamba mpira utakimbiwa nao, wewe unaingia mbele kwa nguvu zako zote. Kumbe mpira bado uko kwa kwotabeki, na pasi inapita juu ya kichwa chako na kutua palepale ulipotoka. Flanka amelelewa kuufuata mpira popote ulipo, na hila hii imetungwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo.

Kuna na suala la kuzuiwa. Kwenye raga, asiye na mpira akikuwekea kizuizi, refa anapuliza filimbi. Huku ni haki yake kukuzuia, na anakujia na kilo 140. Ukimpokea kwa bega kama ulivyozoea, mchezo wako umekwisha. Unatakiwa kumpiga kifuani kwa viganja, mikono ikiwa imenyooka, umsukume na kumwacha upande mmoja, ndipo umfikie mwenye mpira. Ustadi huu wa mikono raga haikufundishi, na kama ningekuwa na jambo moja tu la kukufundisha kwa mwaka mzima, lingekuwa hili.

Kwenye kukaba kwenyewe una mtaji mzuri. Seattle Seahawks chini ya kocha Pete Carroll waliufanya ukabaji wa mtindo wa raga, bega mbele na kichwa pembeni, kuwa somo rasmi la timu yao, na mwaka 2014 wakatoa video ya kuufundisha. Mtu aliyejifunza kukaba bila helmeti huwa na adabu ya kichwa ambayo wengi waliokulia ndani ya helmeti hawana. Usikubali mtu akupokonye adabu hiyo.

Sasa tumtazame Adongo, kwa sababu njia yake inafundisha. Alikuwa fowadi aliyepitia raga ya New Zealand na Afrika Kusini, mrefu wa karibu mita 1.96, na Indianapolis Colts wakamsaini katikati ya 2013. Walimweka lainibeka wa nje, uamuzi wenye akili, kwa sababu kazi kubwa ya nafasi hiyo katika mfumo wao ilikuwa kumfukuza kwotabeki, na mambo ya kusoma ni machache kuliko katikati. Mwisho wa mwaka huohuo akaingia uwanjani na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Mimi nalihesabu hilo kuwa jambo kubwa mno. Lakini alicheza mechi chache tu, hasa kwenye timu maalumu zinazokimbia kuukimbilia mpira uliopigwa kwa mguu, majeraha yakamla muda, na mwaka 2015 Colts wakaachana naye. Miaka ambayo mwili wake ulikuwa kileleni ndiyo hiyohiyo aliyoitumia kujifunza alfabeti.

Mlinganishe na Luke Kuechly. Lainibeka huyu Carolina Panthers walimchukua wa 9 kwenye drafti ya 2012, yaani zamu ya klabu kuchagua wachezaji wapya, na mwaka 2013 akatajwa mlinzi bora wa ligi nzima. Mbio zake za yadi 40 zilikuwa sekunde 4.58, nzuri, lakini wako wengi wanaokimbia hivyo. Alichowazidi ni kujua mchezo unaokuja kabla haujaanza. Tangu 2008 mlinzi mmoja wa kila timu huvaa redio ndani ya helmeti, na aghalabu ni lainibeka wa kati. Zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mchezo, sauti ya kocha inakatika. Kuanzia hapo ni wewe unayewapanga wenzako kumi.

Kuhusu muda, usitegemee wastani. London Fletcher hakuchaguliwa kabisa kwenye drafti ya 1998, lakini alicheza misimu 16 bila kukosa mechi hata moja. Kuechly alistaafu Januari 2020 akiwa na miaka 28, baada ya kukosa mechi katika misimu mitatu mfululizo, 2015 hadi 2017, kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo. Kama umewahi kutikisika ubongo kwenye raga, mwone daktari sasa hivi na uiweke historia hiyo kwenye maandishi, hata kama unaogopa itakuharibia nafasi. Siwezi kukuandaa kama unanificha.

Malipo yanatofautiana sana kulingana na kikosi ulichomo. Mwaka 2025 mchezaji mpya kwenye kikosi cha watu 53 alikuwa na kima cha chini cha dola 840,000 kwa msimu. Kikosi cha mazoezi, cha wanaofanya mazoezi na timu bila kuwa miongoni mwa hao 53, kilianzia dola 13,000 kwa wiki, tena mkataba wake klabu inaweza kuuvunja wiki yoyote. Tangu 2024 kila klabu kati ya zile 32 ina nafasi ya ziada kwenye kikosi cha mazoezi kwa mchezaji wa kimataifa, na huo ndio mlango wako halisi, kupitia programu ya wachezaji wa kimataifa iliyoanza 2017. Pensheni lakini inadai misimu mitatu iliyohesabiwa, na wiki za kikosi cha mazoezi hazihesabiwi humo.

Uzito wako si kikwazo, kilo sita za misuli zinapatikana kwa mwaka. Anza na mikono, na kila siku tazama mechi ukiwa umemkazia macho gadi peke yake. Kisha nitumie video ya mechi zako mbili nzima, si vipande vya makabo mazuri. Nataka kuona unafanya nini mpira unapokuwa upande wa pili wa uwanja.